Vidonge vya Kemo: Si Kila Dozi ni ya Kumaliza

Kwa miaka mingi tumefundishwa jambo moja kuhusu vidonge: maliza dozi. Tumelisikia redioni, tumelisoma kwenye mabango ya zahanati, tumeambiwa na wahudumu wa kifua kikuu na wa ARV. Ukikatisha dawa, ugonjwa unarudi, tena ukiwa sugu. Fundisho hilo ni la kweli na limeokoa watu wengi. Lakini wapo wagonjwa ambao wakilishika bila kuuliza linaweza kuwaua, nao ni wale wanaomeza vidonge vya kemo nyumbani.

Nitazungumzia zaidi kapesitabini, kwa kuwa ni miongoni mwa vidonge vya kemo vinavyotumika sana duniani, kwa saratani ya utumbo mpana, tumbo na matiti. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 kwa jina la Xeloda, na siku hizi inatengenezwa na viwanda vingi kwa majina tofauti. Kidonge chenyewe bado hakijawa dawa kamili. Kikishafyonzwa, vimeng'enya vya ini hukibadilisha hatua ya kwanza na ya pili, na hatua ya mwisho hufanyika zaidi ndani ya uvimbe wenyewe. Kinachopatikana hapo ni fluorourasili, dawa ileile ambayo hospitali zimekuwa zikiitoa kwa dripu kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "mimi sipo kwenye kemo, nameza vidonge tu" anajidanganya. Tofauti ni kwamba kwenye dripu yupo muuguzi anayepima joto, anayeuliza umeharisha mara ngapi, na mwenye mamlaka ya kufunga bomba. Nyumbani kazi hiyo ni yako, au ya binti yako.

Tuanze na hesabu, maana makosa mengi huanzia hapo. Dozi hukokotolewa kwa eneo la mwili, linalopatikana kutokana na urefu na uzito. Dozi kamili, dawa ikitumika peke yake, ni miligramu 1,250 kwa kila mita ya mraba, asubuhi na jioni, kwa siku 14, kisha siku 7 za mapumziko. Madaktari wengi huanza chini ya hapo, hasa kwa mwenye figo dhaifu. Chukua mama mwenye eneo la mita za mraba 1.6. Dozi yake kamili ni miligramu 2,000 kila mara, yaani vidonge vinne vya miligramu 500 asubuhi na vinne jioni. Kwa siku 14 atameza vidonge 112. Boksi la kawaida lina vidonge 120.

Vinabaki vinane, na huo ndio mtego. Mtu aliyelelewa na "maliza dozi" ataamka siku ya 15, ataona dawa ipo, ataimeza. Wiki ile ya mapumziko si likizo ya mgonjwa wala upungufu wa dawa stoo. Ni sehemu ya tiba. Kemo hushambulia chembe zinazozaliana haraka, nazo haziko kwenye uvimbe pekee: zipo kwenye uboho wa mifupa unaotengeneza damu, na kwenye utando wa mdomo na utumbo. Siku saba ni muda wa kuvijenga upya. Kwa hiyo kabla hujaondoka dirishani kwa mfamasia, mwombe aandike juu ya boksi kwa kalamu tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, na tarehe ya kurudi kupima damu. Hesabu pia vidonge mbele yake. Ipo kapesitabini ya miligramu 150 na ya 500, na wapo wanaopewa zote mbili kwa pamoja. Wasipoelezwa vizuri huzibadilisha.

Vidonge humezwa ndani ya nusu saa baada ya kula, kwa maji, vikiwa vizima, na kati ya dozi mbili zipite saa 12 hivi. Usichukue sheria hii ukampelekea jirani mwenye dawa nyingine. Abirateroni ya saratani ya tezi dume humezwa tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula, hasa cha mafuta mengi, chaweza kuongeza kiasi cha dawa kwenye damu hadi mara kumi. Imatinibu humezwa na chakula na glasi kubwa ya maji. Kila kidonge kina masharti yake.

Ramadhani huleta swali kila mwaka. Kwa saa peke yake, dozi ya futari na ya daku zinaweza kupangika. Tatizo ni kiu ya mchana kutwa kwa mtu anayeweza kuanza kuharisha wakati wowote. Mwili ukikauka figo hudhoofika, na figo zikidhoofika dawa hujilimbikiza. Mgonjwa ana ruhusa katika dini. Zungumza na daktari wako kabla mwezi haujaandama, wala usiamue peke yako siku ya kwanza.

Ukisahau dozi, iache ilivyo na umeze inayofuata kwa wakati wake. Usimeze mbili pamoja kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka msomaji alishike hata akisahau mengine yote. Mgonjwa wa kapesitabini anapaswa kujua lini aache mwenyewe, bila kusubiri tarehe ya kliniki. Ukienda choo mara nne au zaidi kupita kawaida yako ndani ya siku moja, au ukaamshwa usiku na kuharisha. Ukitapika mara mbili au zaidi kwa siku. Vidonda vya mdomo vikifanya hata chai ya vuguvugu iume. Viganja na nyayo zikiuma kiasi cha kushindwa kushika kikombe au kutembea. Likitokea lolote kati ya haya, weka vidonge pembeni na upige simu hospitali siku hiyohiyo. Anza kunywa ORS ungali unatafuta namba. Watu wetu ni wavumilivu. Nimewasikia wagonjwa wakisema hawakutaka kumsumbua daktari, au waliogopa kwamba wakiacha siku mbili saratani itapanda. Tafiti za dawa hii hazikuonyesha kwamba waliopunguziwa dozi kwa sababu ya madhara walikosa faida ya tiba. Anayejikaza hadi siku ya 14 huku anaharisha mara kumi kwa siku ndiye anayeishia wodini. Na madhara makali yakija mapema, katika siku za mwanzo za mzunguko wa kwanza, ni dharura zaidi: wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho DPD, kinachovunja dawa hii mwilini, na kwao dozi ya kawaida ni sumu. Ulaya tangu mwaka 2020 inashauriwa wagonjwa wapimwe kabla ya kuanza. Kipimo cha jeni kinachotumika sana huko hutafuta hitilafu nne, na ile inayojulikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika haimo. Kwa hiyo hata aliyepimwa Ulaya akaambiwa yuko salama aendelee kujichunga.

Nisieleweke vibaya. Mwenye saratani ya damu anayemeza imatinibu yuko karibu zaidi na mtu wa ARV: kila siku, bila wiki ya mapumziko, na anayeruka dozi mara kwa mara hujiharibia. Ndiyo maana nasisitiza uulize kuhusu kidonge chako, si kuhusu "vidonge vya saratani".

Homa nimeitenga kwa makusudi. Huku kwetu mwili ukichemka, wazo la kwanza ni malaria. Mtu anatuma mtoto duka la dawa, analetewa mseto na paracetamol, analala. Kwa mtu wa kawaida kosa hilo laweza kusameheka. Kwa mtu aliye kwenye kemo, chembe nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, bakteria wanaweza kumtoa uhai ndani ya siku moja au mbili, na pengine homa ndiyo dalili pekee atakayoipata. Paracetamol itaishusha homa hiyo na kuficha kengele. Nunua kipimajoto. Kikisoma nyuzi 38 au zaidi, nenda hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na useme neno "kemo" pale mapokezi kabla ya kueleza lingine lolote. Kipimo cha malaria kifanyike, ndiyo, lakini picha kamili ya damu nayo ichukuliwe. Hata malaria ikionekana, haimaanishi maambukizi mengine hayapo.

Viganja na nyayo vinahitaji maelezo yao. Vitabu vingi husema ngozi inakuwa nyekundu, lakini kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni viganja kuwa vyeusi zaidi ya kawaida, ngozi kukomaa, kisha kuvimba na kubambuka. Kabla ya hapo husikika ganzi na mchomo. Punguza msuguano na joto: kufua kwa mikono, kushika jembe, kutwanga, kusonga ugali wa watu wengi. Mwingine afanye kwa wiki hizo. Paka mafuta ya mgando au krimu yenye yurea asubuhi na jioni, vaa viatu laini, oga maji ya uvuguvugu. Akina dada wa pwani waache piko. Ile nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele ina kemikali inayoweza kuunguza hata ngozi isiyo na tatizo.

Kuna kisa kimoja kilichoandikwa katika jarida la kitabibu mwaka 2009. Mzee wa miaka 62 kutoka Singapore, aliyekuwa akitumia kapesitabini, alizuiwa na maofisa wa uhamiaji wa Marekani kwa saa nne kwa sababu mashine haikuona alama za vidole vyake. Ngozi ilikuwa imebambuka zikafutika. Kwetu, ambako laini ya simu inasajiliwa kwa kidole, jambo hilo si la kuchekesha. Mashine ikikukataa, omba barua kwa daktari wako.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni vidonge vya kuongeza damu. Mgonjwa akionekana mweupe machoni, ndugu wanamnunulia dawa ya damu, na nyingi ya hizo zina madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Asidi ya foliki huongeza ukali wa fluorourasili. Kidonge kinachotolewa kliniki ya wajawazito kwa nia njema kinaweza kugeuza dozi ya kawaida kuwa dozi kubwa mno. Unga uliorutubishwa usikutie hofu, kiasi chake ni kidogo, nazungumzia vidonge. Na hapa kuna mkanganyiko: mwenye baridi yabisi anayemeza methotreksati kwa dozi ndogo hupewa asidi ya foliki na daktari huyohuyo, ili imkinge. Huyu inamlinda, yule inamdhuru. Methotreksati hiyo, kwa ugonjwa wa viungo, humezwa mara moja kwa wiki. Katika nchi mbalimbali wamekufa watu kwa kuimeza kila siku.

Anayetumia wafarini kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kidonge cha kwanza, maana zikikutana na kapesitabini damu inaweza kutoka bila kukoma. Anayemeza fenitoini ya kifafa naye amwambie. Kuhusu miti shamba sitahubiri, najua inatumika. Ninachoomba ni usiifiche. Lete chupa au majani yenyewe kliniki.

Nyumbani, vidonge vikae kwenye boksi lake, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, si jikoni wala dirishani penye jua. Usivivunje wala kuvisaga. Anayekusaidia avae glovu au akumiminie kwenye kifuniko bila kushika, na mjamzito asivishike kabisa. Shuka lenye matapishi au kinyesi lifuliwe peke yake, kwa glovu. Mwanamke asipate mimba wakati wa tiba na kwa miezi sita baada yake, mwanamume asitungishe mimba hadi miezi mitatu ipite. Anayemeza asinyonyeshe.

Limebaki la mwisho, nalo ni gumu kulisema kwenye msiba. Mgonjwa akifariki, au daktari akibadilisha dawa, hubaki vidonge vya bei kubwa. Familia huona vibaya kuvitupa, na huwa yupo mgonjwa mwingine mtaani asiye na uwezo. Usimpe. Uzito wake ni mwingine, figo zake ni nyingine, dawa zake nyingine huzijui. Usivitupe chooni wala kuvichoma uani. Virudishe kwenye famasia ya hospitali vilikotoka, na umwelekeze yule mgonjwa kwa daktari na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo.