Mto Yser na Milango Yake

Mtu akitajiwa mito ya Ulaya hukumbuka Rhine au Danube. Jioni hii nitawaeleza habari za mto mdogo uitwao Yser, ambao urefu wake ni kama kilometa 78 tu. Chanzo chake ki kaskazini ya Ufaransa, si mbali na kilima cha Cassel. Kwanza huelekea mashariki, huvuka mpaka na kuingia Ubelgiji, kisha hugeuka kaskazini, hupita mji wa Diksmuide, na mwisho huingia Bahari ya Kaskazini penye Nieuwpoort. Mito mikubwa ya Ubelgiji, Scheldt na Meuse, humwaga maji yake katika nchi ya Uholanzi. Yser hufika baharini katika pwani ya Ubelgiji yenyewe.

Mto huu hauna maporomoko wala nguvu. Shida iko pwani, kwa kuwa mashamba ya huko yako chini kuliko bahari inapojaa. Watu waliyapata kwa kujenga matuta na kuchimba mifereji, kazi ya karne nyingi. Mto na mifereji hukutana Nieuwpoort, penye milango ya maji. Bahari ikipwa, milango hufunguliwa ili maji ya mashamba yatoke. Ikijaa, hufungwa ili maji ya chumvi yasiingie.

Mwezi wa Oktoba 1914 jeshi la Ubelgiji, chini ya Mfalme Albert I, lilisukumwa na Wajerumani hata Yser, na nyuma yake ilibaki sehemu ndogo tu ya nchi. Ndipo ilipokusudiwa kufanya kinyume cha desturi. Karel Cogge, msimamizi wa mifereji, na Hendrik Geeraert, mwendesha mashua za mizigo, waliyajua maji yale. Kwanza yalizibwa mapito yaliyo chini ya tuta la reli ya Nieuwpoort na Diksmuide, ili askari wao wenyewe wasifurikiwe. Kisha usiku wa tarehe 29, bamvua ikikaribia, Geeraert na wenzake wakafungua milango bahari ilipojaa, wakaifunga kabla haijapwa. Wakarudia usiku uliofuata. Wasikilizaji wa pwani hawana haja ya kuelezwa zaidi.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda polepole mitaroni, hata Wajerumani waliokwisha kuvuka mto wakaona mahandaki yao yanajaa, wakarudi nyuma.

Nchi ile ilikaa chini ya maji hata 1918. Wenyeji waliporudi walikuta nyumba zimebomoka na ardhi imejaa mashimo ya mizinga, wakaanza tena kuzibua mifereji.