KANI BAINA YA SUMAKU MBILI

Mwanafunzi aliyejifunza kanuni ya Coulomb huweza kufadhaika siku anapoijaribu kwa mikono yake. Kanuni yasema kuwa kani baina ya ncha mbili za sumaku hupungua kwa kadiri ya mraba wa umbali: umbali ukiongezwa mara mbili, kani hubaki robo. Lakini sumaku mbili fupi zikipimwa kwa mizani, kani hushuka zaidi sana ya hapo. Wako wanaofuta tarakimu walizozipata ili zipatane na kitabu. Hapo ndipo kosa linapoanza, maana kipimo chao kilikuwa sahihi.

Ncha haiwi peke yake

Kanuni hiyo ilielezwa na John Michell huko Uingereza mwaka 1750, na katika miaka ya 1780 Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb akaithibitisha kwa mizani ya msokoto. Coulomb alichagua sumaku za chuma cha pua zilizo ndefu na nyembamba, nayo sababu yake ni wazi. Sumaku ikiwa ndefu, ncha yake ya pili huwa mbali na haiathiri sana kipimo. Kuiondoa kabisa haiwezekani: sumaku hata ikikatwa vipande viwili, kila kipande huwa na ncha ya kaskazini na ya kusini. Kwa hiyo baina ya sumaku mbili huwapo kani nne, wala si moja.

Hesabu yenyewe

Tuchukue sumaku mbili zilizo sawa, ambazo ncha zake zimeachana kwa sm 2. Zimelazwa katika mstari mmoja, kaskazini ya moja ikielekea kusini ya nyingine, na kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine ni sm 10. Ncha zinazotazamana ziko umbali wa sm 8, nazo huvutana. Ncha za nje ziko umbali wa sm 12, nazo pia huvutana. Jozi mbili za ncha zinazofanana ziko umbali wa sm 10, nazo hufukuzana. Jumla ya kani hulingana na:

1/64 + 1/144 − 2/100 = 0.00257

Sumaku zikisogezwa hadi sm 20:

1/324 + 1/484 − 2/400 = 0.000153

Kani imepungua karibu mara 17, wala si mara 4. Kadiri umbali unavyozidi urefu wa sumaku, ndivyo hesabu inavyokaribia mara 16, yaani 2 kwa kipeo cha nne. Kanuni ya Coulomb haikuvunjwa. Ncha hufuata mraba wa umbali. Sumaku nzima, kwa kuwa kani zake karibu zinafutana, hufuata kipeo cha nne.

Hesabu hii haifai sumaku zinapokaribia kugusana, kwa sababu ncha si nukta, bali imeenea katika uso wa sumaku.

Jaribio la darasani

Sumaku moja huwekwa juu ya kibao kirefu cha mbao kwenye mizani, isiathiri chuma cha mizani. Ya pili hushikiliwa juu yake. Badiliko la uzito ndilo kani. Wanafunzi na wakokotoe kwanza matarajio ya sm 5 na sm 10, ambayo ni karibu mara 20, ndipo wapime. Matokeo yakitofautiana na kitabu, yasifutwe, yatafutiwe sababu.