Hujaishiwa Pumzi, Hujaitoa

Mtu mzima wa Katubuka, Kigoma, aliyekua akishuka mwaloni Kibirizi anajua kuogelea, ila kwa namna ya ziwani: kichwa juu, macho kwenye mtumbwi, miguu ikichapa maji. Mwambie ashindane na mwenziwe mita 100. Mita 30 za kwanza anakwenda kama anayefukuzwa na mamba. Ya 60 haijafika, amesimama wima majini anatweta, anasema pumzi imekwisha.

Haijakwisha, imejaa. Alivuta hewa, akaibana kifuani uso ukiwa majini, kisha akataka kuvuta nyingine juu ya ile ile. Kinachomsonga si kukosa oksijeni bali hewa ukaa iliyorundikana kwenye damu, maana hiyo ndiyo ubongo huipima kwa ukali zaidi na kuifanya king'ora cha kuvuta pumzi. Dawa ni kutoa hewa polepole na mfululizo chini ya maji, kwa pua au mdomo, mapovu yakionekana, ili uso ukigeuka kazi iliyobaki iwe kuvuta tu. Nafasi ya kuvuta ni fupi mno, haitoshi kwa kazi mbili.

Kuna pia uzito wa maji yenyewe. Ukizama hadi shingoni, maji yanakibana kifua na kusukuma damu zaidi kuelekea mapafuni, kwa hiyo kila pumzi inagharimu nguvu zaidi kuliko nchi kavu. Kwa mtu wa miaka 45, ambaye mbavu zake hazinyumbuki tena kama za kijana, gharama hiyo inaonekana mapema. Mwenyeji wa Zanzibar akija Kigoma atagundua jambo jingine: maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya bahari, hayambebi vile alivyozoea, na miguu inazama. Tena uso wa ziwa uko karibu mita 773 juu ya bahari, kwa hiyo kila pumzi ina oksijeni pungufu kidogo kuliko ya kwao Forodhani.

Wengi hufundishwa kuvuta pumzi kila baada ya mikono mitatu, na mimi nadhani ushauri huo hutolewa kwa haraka mno. Piga hesabu. Ukipiga mikono 60 kwa dakika, kuvuta kila baada ya mikono miwili kunakupa pumzi 30; mitatu, pumzi 20; minne, 15. Kwa mita 400 na kuendelea, mtu mzima achukue zile 30. Hata hivyo, kujua kuvuta pumzi pande zote mbili, kulia na kushoto, kuna faida hapa kwetu: upepo ukileta mawimbi, unageukia upande usio na wimbi, hunywi ziwa.

Mwendo nao una hesabu yake, na haina huruma. Ukinzani wa maji hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu inayotakiwa hukua kwa mchemraba wake. Ongeza kasi kwa asilimia 10, mwili utadaiwa nguvu zaidi kwa takribani asilimia 33. Ndiyo maana sekunde chache ulizoiba mwanzoni unazilipa kwa nyingi zaidi mwishoni.

Hata kwenye mbio fupi hesabu hii haikwepeki: kuwahi mwanzoni si kushinda. Beijing, mwaka 2008, Mkenya Jason Dunford aliogelea mita 100 za kipepeo kwenye mchujo kwa sekunde 51.14, rekodi ya Olimpiki, ingawa muda mfupi baadaye Mserbia Milorad Čavić aliivunja. Kwenye fainali Dunford alimaliza wa tano. Kwenye fainali hiyo hiyo Michael Phelps aligeuka ukutani akiwa wa saba, kisha akamshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde.

Kuna kosa moja ambalo silichekei. Wapo wanaohema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, wakiamini wanajaza oksijeni. Wanachofanya hasa ni kuifukuza hewa ukaa, yaani kukizima king'ora. Oksijeni inashuka bila onyo, mtu anazimia chini ya maji kimya kimya, na wenzake juu bado wanahesabu wakidhani anashinda.

World Aquatics, shirikisho la kimataifa, lina mashindano ya watu wazima kuanzia miaka 25, kwa makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo kuanza ukubwani si kichekesho. Kwa asiye na bwawa, ogelea sambamba na ufukwe, kwenye maji ya kifuani, mahali ambapo wenyeji wamekuhakikishia hapana mamba wala kiboko, na mwenzako akufuate kwa mtumbwi. Mikono 50 ya kwanza ikutie aibu kwa uvivu wake. Ukifika wa 200, inua uso umsemeshe aliye kwenye mtumbwi. Ukimaliza sentensi nzima, endelea hivyo hivyo. Ikitoka "ngoja" peke yake, ulianza kwa pupa.