Elgin, Stranraer na mkeka wa kijana wa maskani

Katikati ya 2025 kila nilipopita maskani baada ya Isha nilikuta vijana wameinamia simu. Ligi kubwa za Ulaya zilikuwa likizo lakini mikeka haikuwa imeenda likizo. Siku moja mmoja wao akaniita: "Ami, wewe msomi. Elgin City na Stranraer, nani mkali?" Nikamwuliza Elgin iko wapi. "Huko huko Uingereza," akasema. Nikamwuliza ameshawahi kuziwekea pesa timu hizo. Akacheka: "Msimu uliopita mara nyingi tu."

Yaani kijana wetu ametoa pesa ya vibarua kwa ajili ya watu asiowajua, katika mji asioujua, kwenye ligi ambayo hajaona mechi yake hata moja. Ndipo nikaona niandike. Msimu wa 2025/26 ulianza Jumamosi, 2 Agosti 2025, na majina haya yakarudi kwenye simu zenu.

Wengi wetu Uskoti tuliijua kwa Victor Wanyama, aliyechezea Celtic kati ya 2011 na 2013 na kuwafunga Barcelona kwa kichwa. Hiyo ni ligi kuu, yenye timu 12. Chini yake kuna madaraja matatu ya timu kumi kumi. La mwisho kabisa huitwa League Two, na jina linadanganya kidogo kwa sababu hilo ni daraja la nne. Msimu wa 2025/26 lilikuwa na Annan Athletic, Clyde, Dumbarton, East Kilbride, Edinburgh City, Elgin City, Forfar Athletic, Spartans, Stirling Albion na Stranraer. Kila timu hukutana na kila mwenzake mara nne, mbili nyumbani na mbili ugenini, jumla mechi 36. Bingwa anapanda moja kwa moja. Wa pili, wa tatu na wa nne wanaingia mchujo pamoja na timu iliyomaliza ya tisa daraja la juu yao.

Wachezaji wa huko wengi wana kazi nyingine. Mchana ni fundi bomba au mwalimu, jioni mara mbili kwa wiki ni mazoezi, Jumamosi ni mechi. Stranraer iko pembe ya kusini magharibi, Elgin iko kaskazini kabisa. Kati yao ni zaidi ya kilomita 400 za barabara, si mbali sana na safari ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, na wanaisafiri kwa basi ili wacheze mbele ya watu mia kadhaa. Uwanja wa Forfar, wa Annan na wa Spartans ni nyasi bandia. Wa Elgin na wa Stranraer ni nyasi za Mungu, na Januari ardhi ikiganda kwa baridi mechi inaahirishwa asubuhi ya siku yenyewe. Mambo hayo simu haikwambii. Kinachoonekana pale ni majina mawili na tarakimu tatu.

Mwaka 2012 kampuni iliyoendesha Rangers ya Glasgow ilifilisika na klabu ikalazimika kuanzia ngazi hii ya nne. Watu walijaa Ibrox kwa maelfu kuwaona wakiwatandika wadogo. Oktoba mwaka huo wakaenda kwa Stirling Albion, waliokuwa wakivuta mkia, na ambao kocha wao hakuwepo uwanjani kwa kuwa siku hiyo ilikuwa harusi yake mwenyewe. Stirling wakashinda 1-0. Machi 2013 Annan wakaenda Ibrox na kushinda 2-1. Hebu niambie ni mkeka gani uliyaona hayo.

Lakini jambo zito la ligi hii liko mkiani. Kwa miaka mingi timu ya mwisho haikuwa na pa kushuka, ilikuwa ikibaki tu na kujaribu tena mwaka unaofuata. Mlango ulifunguliwa mwaka 2015. Katika miaka iliyofuata bingwa wa ligi ya nyanda za juu kaskazini alikutana na bingwa wa ligi ya nyanda za chini kusini, na aliyeshinda alimkabili anayeburura mkia, nyumbani na ugenini. Ukishindwa unatoka kwenye ligi ya taifa kabisa. East Stirlingshire walitoka 2016. Berwick Rangers, timu ya mji ulio ndani ya Uingereza lakini inayocheza Uskoti, iliyowahi kuwafunga Rangers katika kombe mwaka 1967, ilitoka 2019. Brechin City 2021, Cowdenbeath 2022, Albion Rovers 2023. Mwaka 2025 ikawa zamu ya Bonnyrigg Rose, ambao walikuwa wamenyang'anywa pointi sita kwa sababu uwanja wao una mteremko kupita kiwango. Sita wametoka. Kufikia katikati ya 2025 hakuna hata mmoja aliyekuwa amerudi.

Waliochukua nafasi ya Bonnyrigg ni East Kilbride, klabu iliyoundwa 2010 katika mji mpya kusini mwa Glasgow. Walijaribu 2017 wakashindwa kwa penalti na Cowdenbeath, wakajaribu tena 2024 wakazuiwa na Stranraer. Msimu wa 2025/26 waligawana meza na Stranraer hao hao.

Halafu kuna Dumbarton. Hawa ndio walioshiriki ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya Uskoti na Rangers mwaka 1891, kisha wakauchukua peke yao mwaka uliofuata. Novemba 2024 klabu ilikosa pesa ya kujiendesha, ikawekwa chini ya wasimamizi, ikakatwa pointi 15 na mwisho wa msimu ikashuka. Kutoka ubingwa wa nchi hadi hapa, na chini ya hapa kuna mlango ule ambao kufikia 2025 hakuna aliyekuwa amerudi.

Jambo moja zaidi ambalo kijana wangu hakulijua. Madaraja yote manne ya Uskoti yamebeba jina la kampuni ya kamari ya Uingereza kama mdhamini. Na wachezaji wenyewe, wale mafundi bomba na walimu, wamekatazwa na shirikisho lao kubeti mechi yoyote ya soka popote duniani.

Nilipomweleza hili alinyamaza kidogo, akaizima simu. Kisha akaiwasha tena. "Basi Ami, wewe ungechagua nani?" Nikamwambia mimi nawapenda Stranraer. Ni watu wa bandarini kama sisi, na meli zao za kwenda Ireland zilihamishiwa Cairnryan mwaka 2011. Klabu yao ni ya 1870 na haijahama.

"Sasa watashinda?"

Nikaenda zangu kunywa kahawa.