Jicho Chini ya Maji: Kwa Nini Roboti ya Ziwani Hufungwa kwa Waya

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya M.V. Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama katika Ziwa Viktoria ikiwa inakaribia Mwanza. Mamia ya watu walipoteza maisha. Wapiga mbizi, wakiwamo wengine kutoka Afrika Kusini, walilazimika kuingia katika maji yenye giza ili kuwatafuta waliozama. Kazi ya namna hiyo ni ya hatari kubwa, kwani mtu aliye ndani ya meli iliyozama aweza kupotea njia, kunaswa au kuishiwa hewa.

Je, jicho la binadamu laweza kufika chini pasipo mwili wake? Sayansi hujibu kwa roboti ya majini: chombo chenye kamera, taa na mota, ambacho huongozwa na mtu aliye mashuani na kumletea picha papo hapo. Lakini chombo hiki cha kisasa hufungwa kwa waya, ilhali simu ya mvuvi wa visiwa vya Muleba haina waya wowote. Sababu yake ni maji yenyewe.

Maji na mawimbi

Mawimbi ya redio husafiri mbali hewani, lakini maji hufyonza nguvu zake. Yale yatumiwayo na mitandao isiyo na waya hufifia kabla ya kupenya hata mita moja ya maji. Sauti, kinyume chake, husafiri vizuri majini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Upungufu wake ni kwamba hubeba habari kidogo.

Tufanye hesabu. Picha ndogo yenye nukta 640 kwa upana na 480 kwa kimo ina nukta 307,200. Rangi ya kila nukta huandikwa kwa tarakimu 24 za sifuri na moja, ziitwazo biti. Ili jicho lione mwendo, tuseme zinahitajika picha 25 kwa sekunde. Tukizidisha, tunapata biti 184,320,000 kwa kila sekunde. Chombo cha sauti kinachopitisha biti 20,000 kwa sekunde kingehitaji zaidi ya saa mbili na nusu kupeleka sekunde moja tu ya mwendo huo.

Kompyuta iliyomo ndani ya roboti yaweza kuibana picha kwa kupeleka hasa yale yaliyobadilika tangu picha iliyotangulia. Hivyo hesabu hushuka hadi biti milioni 2 hivi. Hata hapo sauti ingetumia sekunde 100 kwa kila sekunde ya picha, na mwongozaji angekwisha kugonga mwamba kabla ya kuuona. Waya hupitisha mzigo huo bila taabu.

Siri ya nyaya mbili

Waya wa roboti hupita karibu na mota, nazo hutoa kelele za umeme ziwezazo kuharibu picha. Dawa yake ni kusokota nyaya mbili pamoja, ili kila mmoja upate kelele kwa kiasi kilekile. Tuseme mmoja una volti 1 na mwenzake una volti -1. Tofauti yake ni 2. Kelele ikiongeza volti 3 kwa kila mmoja, zitakuwa 4 na 2. Tofauti ingali 2. Kipokezi husoma tofauti hiyo tu, na kelele hutoweka.

Kina cha Ziwa Viktoria hufikia takriban mita 80, hivyo nyaya za shaba pamoja na vifaa vinavyofaa hutosha. Baharini hutumika nyuzi za kioo zinazopitisha nuru. Mwaka 1995 roboti ya Kijapani, Kaiko, ilifika chini kabisa ya Bahari ya Pasifiki, zaidi ya mita 10,900. Mwaka 2003 waya wake ulikatika, na chombo kikapotea.

Mipaka ya chombo

Ziwani kuna taabu nyingine. Matope na mwani hurudisha nuru ya taa kwenye kamera, kama taa za gari katika ukungu wa Karagwe. Kwa hiyo taa huwekwa pembeni, mbali na kamera, na roboti hupewa pia sona, chombo kinachochora vitu kwa mwangwi wa sauti. Nyavu za sangara nazo zaweza kuunasa waya. Hapana budi awepo mtu wa kuulegeza na kuuvuta wakati wote.

Hali kadhalika, roboti haichukui nafasi ya mwokoaji. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, watu 19 kati ya 43 walifariki. Wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kufika, na hakuna mashine ambayo ingewatangulia. Nafasi ya roboti ni katika kazi ifuatayo: kutafuta, kupima na kukagua kilicho chini, ili anayekwenda kuwatafuta waliokufa asiongezeke katika idadi yao.