Paka wako ametoka kuhasiwa? Usimpe Panadol

KATIKA mitaa kama Kibera na Kawangware, paka si pambo la nyumba. Ndiye askari anayezuia panya wasitoboe mfuko wa unga na kukojolea vyombo. Hata hivyo, jike asiyehasiwa aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, na huzaa baada ya siku 65 hivi. Chumba kimoja hujaa paka kabla ya mwaka kwisha.

Ndiyo maana ni vyema umpeleke kwa daktari wa mifugo, katika Kitivo cha Udaktari wa Mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, au kwa chama cha KSPCA kilichoko Karen. Upasuaji wenyewe huchukua muda mfupi. Kazi kubwa inakungoja wewe nyumbani.

Usiku wa kwanza

Dawa ya usingizi haimwishi paka mara moja. Anaweza kuyumbayumba hadi siku ya pili. Usimlaze kitandani, ataanguka. Mtandikie katoni na nguo kuukuu sakafuni, mbali na jiko la makaa na stovu. Dawa hiyo hupunguza joto la mwili, na nyumba ya mabati huwa baridi usiku. Jaza chupa maji ya uvuguvugu, uifunge kwa kitambaa na kuiweka kando yake. Mpe chakula kidogo akishaweza kusimama vizuri, na ufunge mlango: paka aliyelewa dawa hawezi kumkimbia mbwa.

Dawa za binadamu ni sumu

Ukimwona anaumwa, usithubutu kumpa Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo. Hugeuka sumu inayoharibu damu isiweze kubeba hewa, na hata nusu tembe yaweza kumuua. Mpe tu dawa aliyoandikiwa na daktari.

Kutunza jeraha

Litazame mara mbili kwa siku. Uvimbe mdogo si jambo la kutisha. Usimwogeshe, wala usipake Dettol, mafuta ya taa au majivu, kwani ataviramba. Ili asirambe nyuzi, mvishe kola aliyopewa na daktari. Kwa jike, waweza pia kukata mkono wa fulana kuukuu, ukautoboa matundu manne ya miguu na kumvisha. Badala ya mchanga, tumia vipande vya gazeti katika choo chake, usije ukaingia kwenye kidonda.

Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Dume naye mtenge na majike kwa mwezi mmoja hivi, kwani bado anaweza kutia mimba.

Mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo ukiona damu ikitiririka, usaha, jeraha likifumuka, ufizi ukiwa mweupe au akikataa chakula kwa siku nzima.

Waonye watoto wasimshike ovyo. Akimwuma mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali haraka, kwani paka pia huambukiza kichaa cha mbwa. Hakikisha amechanjwa.

Usiogope kwamba atakuwa mvivu. Kuhasiwa hakumwondolei hamu ya kuwinda, ila hunenepa upesi. Usimzidishie chakula, na panya watamtambua tu.