Umezoea Windows? Anza na Linux hii

Kila kompyuta ya jirani hapa Same unaipiga Windows wewe. Lakini msaada wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na mashine yako ya zamani inakataliwa na Windows 11. Uitupe? Hapana.

Linux zote zina kiini kimoja. Kila kundi hukifungashia mwonekano na programu zake. Kwa mkono uliozoea Windows, chukua Linux Mint: menyu iko palepale, chini kushoto. RAM ikiwa GB 4, chagua toleo la Xfce, ni jepesi. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029.

Faili ni karibu GB 3, kwa hiyo lipakue mara moja mjini. Liandike kwenye flashi kwa Rufus (kulikopi tu hakutoshi), kisha panda nayo Mamba au Chome. Flashi moja inatosha kijiji kizima. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, jaribu Wi-Fi, sauti na printa bila kugusa diski.

Ukiridhika, nakili mafaili yako kwingine kwanza. Chaguo la kufuta diski linafuta kweli: matokeo ya wanafunzi, picha za harusi, vyote. Na usihangaike kutafuta .exe mitandaoni; programu zimo kwenye duka la Mint lenyewe.